Ma Benigna, Jasho la Mwizi na Dirisha la Misumari Tisa

Wasikilizaji wapendwa, kama redio yenu iko chumbani na dirisha limefungwa, lifungueni kwanza. Tunasubiri. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyeomba dirisha kwa miaka mitatu, na katika miaka hiyo mitatu akapewa kila kitu isipokuwa dirisha.

Jina lake ni Benigna Kemilembe. Kwa waliochelewa tunarudia: Benigna Kemilembe, wa Kamachumu, wilaya ya Muleba. Ametutoka mwezi uliopita akiwa na miaka sitini na nne. Hakufa kwa jasho. Tunalisema mapema kwa sababu pale Bukoba mjini kuna watu wameshaanza kusema amekufa kwa jasho. Moyo wake ulisimama asubuhi, akiwa ameketi barazani anachambua kahawa. Basi. Jasho lilikuwa limeshamwacha miaka mingi, lakini watu hawajamwacha.

Kemilembe, kwa wasiojua Kihaya, ni mwanamke wa amani. Wazazi wanapogawa majina hawajui wanachokifanya.

Waliomjua walimjua kwa akamwani. Kahawa ya kutafuna, wasikilizaji, ile buni nzima inayochemshwa na majani ya harufu nzuri, ikaanikwa, ikafungwa kwenye ganda la mgomba. Mgeni akiingia kwa Mhaya anapewa hiyo kabla hajaulizwa amelalaje. Na akamwani ya Ma Benigna haikuwa ya mchezo. Kuna dereva wa basi la Biharamulo alitafuna tatu pale stendi ya Muleba, akaendesha hadi Bukoba bila kupepesa macho. Alipofika nyumbani ilibidi mkewe amfunge kope kwa vidole.

Sasa. Jasho.

Lilianza Jumapili ya Matawi, kanisani, Benigna akiwa na miaka hamsini na moja. Padri alikuwa anasoma Mateso, lile somo refu, watu wote wima. Benigna akahisi kama mtu amewasha jiko chini ya kifua chake. Joto likapanda shingoni, likaingia masikioni, likafika utosini. Maji yakaanza kumtoka kama mtu aliyenyeshewa. Watu waliokuwa nyuma yake wanaapa kwamba tawi lake la mtende lilinyauka mkononi kabla Pilato hajanawa mikono. Dada aliyesimama kando yake akamnong'oneza, "Ma Benigna, una malaria."

Huyo alikuwa wa kwanza. Laiti angekuwa wa mwisho.

Wasikilizaji wapendwa, Benigna Kemilembe alipimwa malaria mara saba. Hakuwa na malaria. Tunarudia: mara saba, na hakuwa na malaria. Mara ya tano mumewe alimnunulia dawa ya malaria dukani hata hivyo, akasema, "Kinga ni bora." Akainywa. Jasho likaendelea, sasa likiwa na kichefuchefu.

Mumewe ni Ta, yaani Mzee, Anatory Lwakatare, na yuko hai, na anatusikiliza. Pole sana, mzee wetu, na utatuvumilia. Ta Lwakatare alikuwa fundi wa injini za mitumbwi kisiwani Bumbire kwa miaka ishirini na miwili. Aliporudi nyumbani Kamachumu alikuta wezi wamepitia dirisha la chumbani wakabeba gunia la kahawa. Akachukua nyundo. Akalipigilia dirisha lile misumari tisa. Tisa, kwa dirisha ambalo mtoto wa darasa la pili angepita kwa shida. Benigna alilala nyuma ya misumari hiyo miaka kumi na mitano bila neno. Joto lilipoanza ndipo akaliona dirisha.

"Baba Evelyne, ng'oa hii misumari."

"Mbu wataingia."

"Tuna chandarua."

"Wezi."

"Wataiba nini humu, mimi?"

"Baridi."

"Ahsante. Hiyo ndiyo ninayoitafuta."

Dirisha halikufunguliwa. Yakafunguliwa midomo. Wifi yake, Vestina, dada wa Ta Lwakatare, alisema ni mizimu ya bibi yao, haikufukizwa vizuri. Katekista alisema ni dhambi isiyoungamwa. Benigna akamwuliza kama dhambi hutoka kwapani. Jirani alisema ni kisukari, mwingine presha, mwingine akasema ni yale mapenzi ya Ta Lwakatare tangu arudi kutoka kisiwani. Hilo la mwisho Ta Lwakatare hakulikanusha. Vestina mpaka leo anaeleza kwamba kuku mmoja alihamisha mayai yake hadi chini ya kitanda, upande wa Benigna, yakaanguliwa siku mbili kabla ya wakati. Kipindi hiki hakikuwahesabu vifaranga.

Lakini Benigna hakuwa anacheka. Alikuwa hajalala. Kila usiku aliamka shuka limelowa, akakaa ukingoni mwa kitanda akajipepea kwa mfuniko wa sufuria, huku mumewe anakoroma chini ya mablanketi mawili. Asubuhi watu wanamwuliza umelalaje. Mtu anawajibu nini watu kama hao?

Aliyemtoa hapo ni Nancy, binti wa kaka yake. Nancy alikuwa mkalimani kwenye kliniki ndogo ya dawa za Kichina mjini Bukoba. Kliniki yenyewe imeshafungwa, msiende kuitafuta. Akamwambia, "Shangazi, njoo uonwe na Daktari Lin. Kwao ugonjwa wako wanaujua kwa jina."

Ta Lwakatare akaenda naye, akiwa amevaa koti la harusi.

Daktari Lin alikuwa mama mfupi wa makamo, miwani kwenye ncha ya pua. Hakumtoa damu. Benigna alimpenda kwa hilo tu. Alimwomba atoe ulimi, akautazama muda mrefu. Akaweka vidole vitatu juu ya mshipa wa mkono, wa kushoto, kisha wa kulia, akanyamaza kama anayesikiliza redio ya jirani. Halafu akauliza, na Nancy akatafsiri. Joto linaanzia wapi? Viganja na nyayo vinawaka? Jasho linakuja ukiwa macho au usingizini? Hedhi ya mwisho ilikuwa lini?

Hapo Ta Lwakatare akatazama juu, akaanza kuhesabu mabati. Neno hilo kwetu mwanamume hatajiwi mchana kweupe.

Benigna akajibu yote. Katika miaka mitatu hakuna aliyewahi kumwuliza hata moja.

Daktari akaeleza, na tunaeleza kama Nancy alivyotueleza, polepole. Wachina, katika tiba yao ya asili, wanamhesabu mwanamke kwa saba. Saba ya pili, miaka kumi na minne, damu inaanza. Saba ya saba, miaka arobaini na tisa, mto unakauka. Ndani ya mwili, wanasema, kuna pande mbili: upande wa maji na ubaridi, wanauita yin, na upande wa moto, yang. Maji yanatunzwa kwenye figo kama kisimani, na kazi yake ni kuuzuia moto usipande kichwani. Umri ukifika, kisima kinashuka. "Moto wako haujaongezeka, mama," alisema Daktari Lin. "Ni uleule. Maji ndiyo yamepungua, kwa hiyo moto hauna wa kuushika. Na jasho la usingizini sisi tunaliita jasho la mwizi, kwa sababu linatoka mwenye nyumba akiwa amelala."

Benigna akageuka taratibu akamtazama mumewe. "Umesikia, Baba Evelyne? Umepiga misumari tisa kumzuia mwizi, kumbe ulikuwa unamfungia ndani."

Ta Lwakatare hakusikia. Uso wake ulikuwa umewaka. "Maji ya kupoozea!" akasema. "Injini ya boti ikikosa maji ya kupoozea inachemka, lakini petroli ni ileile! Mama Evelyne, kwa nini hukuniambia hivyo tangu mwanzo?"

Wasikilizaji wapendwa, wanawake wasikilizaji hasa, mnaijua hiyo "kwa nini hukuniambia." Tupumue kwanza.

Daktari akampa mizizi na magome ya kuchemsha. Ilinuka kama buti za askari zilizosahauliwa kwenye sufuria. Akamchoma sindano nyembamba kwenye vifundo vya miguu na viganja. Akamwambia ale matango, matikiti, ufuta mweusi. Akamkataza vinavyouchochea moto: pilipili, tangawizi, rubisi yetu ya ndizi. Na kahawa. Ya kunywa na ya kutafuna.

Kipindi hiki si zahanati. Hayo ndiyo maoni ya Wachina. Muuguzi mmoja, Lilian, alikuja kumweleza Benigna kwa lugha ya hospitali: hedhi imekoma, homoni zimeshuka, wanawake wengi hupata joto hilo na linapita. Akaongeza kwamba mtu akitokwa jasho huku anakonda au anakohoa, aende akapimwe. Benigna alisema daktari na muuguzi hawakupingana. Wote wawili walimwambia si kichaa.

Basi Ta Lwakatare akawa fundi tena. Injini aliyopewa sasa ni mke. Alimlinda na kahawa kama mgambo. Benigna akichambua, yeye yuko. Akianika, yeye yuko. Mkono ukisogea mdomoni, anakohoa. Dirisha? La, dirisha lilibaki. "Daktari hakutaja dirisha," alisema.

Wiki ya tatu Benigna akalala hadi alfajiri, mara mbili. Na wiki hiyohiyo ndipo wakaja wageni.

Binti yao, Evelyne, alikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu. Alikuwa amempata Johnson, kijana wa Kahororo, Bukoba, mtoto wa Mzee Isaac Mushumbusi na Ma Kokuhirwa. Walutheri, wakati nyumba ya Benigna ni ya Kikatoliki, na hilo lilikuwa limesumbua mwaka mzima mpaka mapadri na wachungaji wakachoka kabla ya wazazi. Hatimaye wakakubaliana. Siku ya posa ikapangwa. Evelyne alimwambia mama yake, "Mae, hii ikiharibika sitaanza tena na mwingine." Benigna alimjua mwanawe. Hakuwa anatania.

Sebule ikatandikwa nyasi mpya. Wageni wakaingia tisa, mshenga wao Ildefons mbele, mzee mwenye maneno kama mzinga wa nyuki. Wakakaa. Ndipo ikaja akamwani kwenye kijikapu.

Wahaya mnajua, wengine tunawaambia: mwenye nyumba hutafuna kwanza. Anachukua moja, anatafuna wageni wakimwona, ndipo kikapu kinazunguka. Maana yake haisemwi. Maana yake ni kwamba humu ndani hamna sumu.

Benigna akapiga magoti na kikapu. Akachukua buni moja. Na saa hiyohiyo, joto. Likapanda kutoka tumboni, likashika shingo, jasho likachuruzika kwenye nyusi mpaka puani. Mkono ukatetemeka. Akapeleka buni mdomoni.

Ta Lwakatare akakohoa. "Mama Evelyne," akasema, kwa upole kabisa. "Usile hiyo."

Benigna akairudisha.

Naam. Akairudisha kikapuni. Mwanamke ambaye wilaya nzima inatafuna kahawa yake, uso umelowa, mkono unatetemeka, mumewe anamkataza kuonja, na kikapu kinaelekezwa kwa wageni.

Wageni walichukua moja moja, kwa heshima zote. Ildefons akakumbuka kwamba gari lina tatizo la taa. Wakaondoka kabla ndizi hazijaiva. Evelyne alipokunja nyasi jioni ile, akakuta buni nane zimechomekwa chini yake, kila moja pale alipokuwa amekaa mgeni. Nane. Ya tisa, tutaambiwa baadaye, Ma Kokuhirwa alikuwa ameiweka kwenye mkoba.

Kufikia Jumatano Johnson hapokei simu. Kufikia Alhamisi, stendi ya Muleba, wateja wa Benigna wameanza kusema wana haraka. Evelyne hakulia. Alikaa tu mlangoni, madaftari ya wanafunzi magotini, hayajasahihishwa.

"Nilikuwa nakulinda," akasema Ta Lwakatare.

"Umenilinda vizuri," akasema Benigna. "Kesho naenda Kahororo."

"Mama wa binti haendi kwa wakwe kabla ya binti. Haijatokea."

"Itatokea kesho."

"Utawaambia nini? Utataja mambo ya... mbele ya Mzee Isaac?"

"Nitayataja. Wewe hesabu mabati."

Vestina aliponda safari hiyo usiku kucha, na asubuhi alikuwa wa kwanza kuwa tayari. "Siwezi kukosa," alituambia. "Nilitaka kuona wifi yangu anavyofukuzwa."

Hawakufukuzwa. Walikaribishwa kwa adabu ile ya baridi, viti viwili karibu na mlango. Mzee Isaac aliketi mbali. Ma Kokuhirwa alikaa kando yake, kitambaa mkononi. Dirisha la sebule lilikuwa limefungwa, pazia juu yake.

Benigna hakuzunguka. Akafungua ganda la mgomba. "Waitu, ndugu zangu, hii ni akamwani ileile, ya kikapu kilekile." Akachukua mbili, akatafuna. Akachukua tatu. Akatafuna. Vestina alihesabu mpaka kumi na moja akaacha. "Sasa tusubiri," akasema Benigna, akafunga mikono.

Wakasubiri. Saa ya ukutani ikasema mambo yake. Na joto, ambalo kwa miaka mitatu lilikuja lilipotaka lenyewe, safari hii likaja lilipoitwa. Shingo, masikio, utosi. Jasho likamtiririka kidevuni likadondokea kitenge.

Mzee Isaac akasimama. "Huyu mama anakufa kwangu."

"Sifi, mzee. Kaa." Sauti ya Benigna ilikuwa ya mtu aliyechoka kabisa, Vestina anasema hakuwahi kuisikia kabla. "Hii ndiyo sumu mliyoiona. Iko ndani yangu, haiko kwenye kahawa. Hedhi yangu imekoma. Ndiyo, nimelitaja. Damu ikikoma, wanawake wengine wanaungua hivi. Daktari Mchina anasema maji yangu yamepungua, moto umekosa wa kuushika, akanikataza kahawa. Mume wangu akanikataza mbele yenu kwa sababu Mungu alimpa mikono ya fundi akasahau mengine. Nimepimwa malaria mara saba. Nimefukizwa. Nimeombewa. Nimechoka, waitu. Mnyimeni mwanangu harusi kwa sababu nyingine yoyote, lakini si kwa jasho langu."

Mzee Isaac alitazama sakafu. Sakafu ya simenti, haikumsaidia.

Ndipo Ma Kokuhirwa akainuka. Hakumwangalia mtu. Akaenda dirishani, akavuta pazia, akafungua vioo vyote viwili, upepo wa ziwani ukaingia. Akasimama pale ameupa uso upepo. Wakaona mgongo wa gauni lake. Ulikuwa umelowa.

"Mwaka wa tano," akasema.

"Malaria mara ngapi?" akauliza Benigna.

"Kumi na mbili. Na maji ya baraka lita ishirini." Akageuka. "Siku ile kwako nilikuona ukitokwa jasho nikajua. Nilijua, mwenzangu. Nikaogopa kusema, nikaweka kahawa kwenye mkoba." Akaenda chumbani, akarudi na buni ya tisa. Akaitafuna mbele ya mumewe.

"Kokuhirwa," akasema Mzee Isaac, "ulisema ni kifua."

"Wewe ndiye uliyesema ni kifua."

Evelyne na Johnson walifunga ndoa mwezi wa nane mwaka ule. Wana watoto watatu. Wasikilizaji, hilo ndilo jambo la kushika: ndoa haikuvunjika, kwa sababu mwanamke mmoja alitaja jambo ambalo halitajwi.

Na Ta Lwakatare? Siku Benigna aliporudi kutoka Kahororo alimkuta juu ya stuli, koleo mkononi, anatoka jasho. Misumari minane ilitoka. Wa tisa ulikatika kichwa, upo hadi leo. Watu walipokuwa wanamwuliza Benigna kilichomsaidia ni nini, mizizi, sindano, au kuacha kahawa, alikuwa anajibu, "Dirisha." Joto lilipungua taratibu, likaisha akiwa na miaka hamsini na sita. Akarudia kutafuna. Asubuhi ile ya mwisho buni ilikuwa shavuni.

Siku ya mazishi, wasikilizaji wapendwa, kikapu kilitoka kama desturi. Kikafika katikati ya watu kikasimama. Mwenye nyumba wa kutafuna kwanza hayupo. Ta Lwakatare alinyoosha mkono, mkono ukarudi. Watu wakatazama nyasi. Ma Kokuhirwa, sasa bibi wa miaka sabini, akatambaa kutoka kwenye mkeka wake, akachukua buni moja, akaitafuna polepole, kila mtu akimwona. Kisha akasukuma kikapu mbele. Hakuna buni iliyobaki chini ya nyasi siku ile. Evelyne alikagua.

Tunampa pole Ta Anatory Lwakatare. Pole Evelyne, Johnson na watoto. Pole Vestina, anayesema nyumba imepoa mno. Pole Ma Kokuhirwa, na wote wa Kamachumu na Kahororo.

Na ninyi mliobaki, tafakarini. Nyumbani kwenu kuna mwanamke anayeamka usiku akaketi ukingoni mwa kitanda. Kabla hamjampeleka kupimwa mara ya nane, mwulizeni. Mwulizeni swali moja, kisha mnyamaze mpaka amalize. Sisi tumechoka kusoma matangazo ya vifo vya watu ambao hawakuwahi kuulizwa kitu.

Jana tulipofika Kamachumu kurekodi, jua lilikuwa limezama na ubaridi wa mlimani umeingia. Vestina alikwenda chumbani kufunga dirisha. "Kaka, utapata mafua," alisema.

"Liache," alisema Ta Lwakatare.

Alikuwa na mablanketi mawili.